Mama Amekataa Ugali Niliousonga

SHANGAZI ANAJIBU

Mbukwenyi wasomaji. Barua nyingi za toleo hili zimegusa jambo moja: nani afanye nini nyumbani, na kama jamii yetu inaweza kuachana na mazoea ya "hii kazi ya kike, hii ya kiume". Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa, na kwa sababu nyumba za namna hiyo zimekuwa nyingi hapa Dodoma tangu Serikali ihamie.

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa wa Kongwa, sasa naishi Nzuguni. Nilikuwa mtunza stoo Dar es Salaam. Ofisi ya mke wangu ilipohamishiwa huku tulikaa tukapiga hesabu, mshahara wake ulikuwa karibu mara mbili ya wangu, tukahama wote. Kazi ya stoo sikuipata, nikachukua bajaji ya mkopo. Mke wangu anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mtumba, na msimu wa Bunge la Bajeti anaweza kurudi saa nne usiku. Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaamsha watoto, nawapikia uji, nawapeleka shule. Naendesha bajaji kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, kisha nawafuata, nafua sare, napika. Hatujawahi kugombana kwa ajili hiyo.

Mwezi uliopita mama alikuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho. Akanikuta uani nasuuza soksi za binti yangu. Hakusema kitu. Jioni nikasonga ugali wa uwele anaoupenda, na mlenda, nikatenga. Akasema ameshiba. Usiku nikamsikia akiongea na kaka yangu kwenye simu: "Mdogo wako wamemlisha limbwata." Kesho yake akaondoka hata kabla ya siku ya daktari. Kijiweni nako wananiita Dada wa Kazi. Mke wangu anashauri tutafute msichana wa kazi ili maneno yaishe. Hivi jamii inaweza kweli kuyavuka haya, au najidanganya?

Baba wa wawili, Nzuguni

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na huo ugali, maana naona hapo ndipo palipokuchoma. Mimi ni mwanamke wa umri wa mama yako, nimezaliwa na kukulia huku huku, na nadhani najua alichokiona pale uani. Mama aliyelea watoto kijijini amechota maji kwenye mchanga wa mto kiangazi baada ya kiangazi, amekata kuni, amesaga, amepalilia, na mgongoni yuko mtoto. Aliambiwa hiyo ni kazi ya mwanamke na kwamba mwanamume haiwezi. Leo anamkuta mwanamume, tena wa tumbo lake, anaiweza na wala hajapungukiwa na kitu. Kama wewe unaweza, basi hata baba yako aliweza. Hilo ni zito kulimeza ukiwa mtu mzima na magoti yanauma. Alipokataa ule ugali, usihesabu kwamba alikuwa anakukataa wewe.

Neno la limbwata nalo tulitazame vizuri. Anayesema umelishwa dawa anasema kwamba mwanamume mwenye akili zake timamu hawezi kumhurumia mkewe kwa hiari. Sijui tusi kubwa kuliko hilo kwa wanaume, na wanaolitoa ni watu wanaodhani wanaitetea heshima yenu. Kaka yako akilirudia, mwambie hivyo, kwa upole.

Sasa swali lako. Jioni moja zunguka mji na bajaji yako uangalie. Kwenye mabanda ya chipsi, nani anamenya viazi? Vijana wa kiume, gunia zima. Nenda mnada wa Msalato: wanaochoma nyama, kuikata na kumtengea mteja na chumvi pembeni ni wanaume. Dobi anayefua na kupiga pasi mashati ya waheshimiwa ni mwanamume. Mafundi cherehani wa barazani, wengi wao wanaume. Vijana wa Kimasai wanasuka akina dada nywele, misuko ile midogo inayochosha vidole, na sijasikia mtu akisema wamerogwa. Mfano unaoniuma zaidi ni maji. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo maji ni kazi ya kila siku. Ndoo ya kichwani inaitwa ya mwanamke. Bomba likikatika mjini, anayekuja na mkokoteni wa madumu kutuuzia ni mwanamume. Maji ni yale yale, na jua ni lile lile.

Ukiyaweka yote pamoja utaona yanafanana wapi. Kazi ikiwa na malipo, tena hadharani, mwanamume anaifanya bila aibu. Ikiwa ya bure, ndani ya ua, kwa ajili ya mkewe na wanawe, ndipo inapoitwa ya kike. Kijana aliyemenya gunia la viazi mchana anafika nyumbani anasubiri dada yake ammenyee kimoja. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni maumbile. Ni mpango wa nani alipwe na nani asilipwe. Watu ndio walioupanga, na watu wanaweza kuupangua.

Nami nimeona ukipanguka, japo kidogo kidogo. Nilifundisha shule za msingi wilaya ya Mpwapwa, somo la sayansi kimu, na baadaye stadi za kazi. Wavulana walikanda unga wa maandazi sawa na wasichana. Siku moja alikuja baba mmoja na fimbo yake ya kuchungia, kauliza kwa nini mwanawe anasugua sufuria. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amepitia JKT Makutupora. Hakubishana naye. Alimvutia kiti kivulini akamweleza zamu za jikoni za vijana wa kujenga taifa: wa kiume anaamka usiku wa manane kuwapikia uji wenzake mamia, na akiunguza maharage kombania nzima inashinda njaa. Yule baba akauliza, "Na huyo anayepika anabaki mwanajeshi?" Akajibiwa ndiyo, tena wenzake wanamheshimu. Akakaa pale mpaka maandazi yakaiva, akala, akaomba mengine ya kubeba. Nyumbani kwake alifanya nini sijui, sikumfuata. Lakini mwanawe aliendelea kusugua sufuria zetu mpaka akamaliza darasa la saba.

Tatizo ni kwamba hata taratibu zetu rasmi bado zinamweka baba mlangoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Baba anapewa siku 3. Siku 3 zinatosha kupokea wageni na kununua kanga. Hazitoshi kujifunza kumwogesha mtoto, wala kujua kilio cha njaa na kilio cha tumbo vinatofautianaje. Baba akianza akiwa mgeni wa mtoto wake mwenyewe, ni rahisi sana kuendelea kuwa mgeni. Wewe umeshavuka hapo, na wanao watakumbuka.

Kuhusu msichana wa kazi, hapo sikubaliani na mke wako, na naomba anisamehe. Kumwajiri mtu mzima, kwa makubaliano na mshahara wa haki, kwa sababu kazi zimewazidi, hakuna ubaya. Kumleta msichana ili majirani wasikuone unafua, hilo ni jingine kabisa. Tunajua hao wasichana wanatoka wapi. Wengi wanatoka vijijini kwetu, Dodoma na Singida, na wengine hawajafika hata miaka 14, umri ambao sheria hiyo hiyo inakataza kuajiri mtoto aliye chini yake. Utakuwa umenunua amani ya kijiweni kwa shule ya mtoto wa mtu. Usifanye hivyo, mwanangu.

Mama mfuate Kongwa. Mara ya kwanza nenda peke yako, na usiende na hotuba. Kaa naye siku mbili. Mchotee maji, pika hapo hapo jikoni kwake, na shangazi zako wakija kuchungulia waache wachungulie. Mwulize alivyowalea: kuni alitoa wapi, nani alimshikia mtoto alipokuwa shambani, siku alizougua nani alipika. Mwache aseme mpaka amalize. Huenda hajawahi kuulizwa. Asipokula mara ya kwanza, pika tena kesho. Kisha mrudishe kliniki, macho hayangoji. Mkeo naye aende safari inayofuata, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anakuheshimu, kwa sababu hilo ndilo mama yako analoliogopa na wewe huwezi kumwambia kwa niaba yake.

Na kijiweni, endelea kuondoka saa tisa. Usizue kisingizio cha pancha. Sema unakwenda kuwachukua wanao ukapike. Atakayekuja pembeni siku moja kukuuliza unawezaje atatoka kati ya hao hao wanaocheka.

Shikamoo Shangazi,

Nauza nyanya na dagaa Soko la Majengo. Mume wangu alikuwa akinunua ng'ombe minadani, mtaji ukakata. Tangu hapo kodi ya nyumba, michango ya shule, chakula, misiba, vyote ni mimi. Naamka saa kumi usiku niwahi magari ya nyanya. Narudi saa moja jioni nakuta vyombo vya asubuhi viko pale pale, na yeye yuko kwenye bao. Nikisema, ananiambia mwanamume hashiki ufagio. Mnahubiri usawa kila siku. Kwangu usawa umeongeza mzigo tu.

Mama wa watatu, Chang'ombe

Marahaba mwanangu. Umesema kweli ambayo sisi tunaozungumzia usawa mara nyingi tunairuka.

Mazoea yamevunjwa upande mmoja. Wanawake wamevuka kwenda kwenye mzigo wa wanaume wakaubeba, na wanaume wachache mno wamevuka kuja kupokea wa wanawake. Mwaka 2010 Anna Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika, hapa hapa Dodoma. Machi 19, 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza katika nchi hii. Siku hiyo nililia kwa furaha, na wajukuu zangu wa kike walikuwa wamekaa miguuni pangu wakitazama. Sitapunguza hata chembe ya furaha ile. Lakini haikuosha vyombo vyako vya asubuhi.

Wala jambo lenyewe si geni. Azimio la Arusha la 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Azimio tulilisoma, tukaandamana kwa ajili yake, tukaliimba. Hicho kipande cha wanaume kuwa likizo ndicho kilichosahauliwa kwanza.

Mume wako namwelewa. Tangu utoto ameambiwa mwanamume ni mtafutaji, basi. Mtaji ulipokata akapoteza kitu pekee alichofundishwa kuwa ndicho uanaume, na kukataa ufagio ndicho kimebaki mkononi. Ni maumivu ya kweli. Lakini kumwelewa si kumwachia alale juu ya mgongo wako.

Usiseme naye usiku ukirudi na uchovu. Chagua Jumapili, baada ya kula. Andika kwenye daftari la hesabu zako za sokoni: kinachoingia, kinachotoka, na saa za kila mmoja wenu kuanzia kumi usiku. Msomee bila kupandisha sauti. Kisha taja kazi ambazo huzifanyi tena. Kama ni vyombo vya asubuhi, sema vyombo vya asubuhi, na usivioshe kweli, hata vikikaa siku mbili na inzi wakaja. Najua itakuuma kuliko yeye. Akikataa katakata, mwite mshenga wenu, mzee aliyesimamia ndoa, na daftari liwe mezani.

Kuwa macho na jambo moja. Wanaume wengi wakibanwa hivi humsukumia kazi binti wa kwanza, nyumba ikaonekana imetulia. Usikubali. Kama mna mvulana, wiki hii aanze zamu yake ya jikoni kama dada yake, na baba yao aione ikibandikwa ukutani pamoja na jina lake mwenyewe.

Halafu ujue ulipo kisheria. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo mahakimu wengine waliona kwamba mwanamke aliyepika na kulea miaka yote hakuchangia chochote, kwa sababu hakuleta fedha. Wewe unachangia kwa njia zote mbili. Tunza risiti za kodi na za shule. Mkinunua kiwanja, jina lako liwemo, kwani sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki. Sisemi mwachane. Ninataka tu ukikaa naye hiyo Jumapili uongee kama mtu mwenye haki, maana ndivyo ulivyo.

Shangazi,

Nina miaka 71 na ninakusoma kila toleo. Haya ya kumwingiza mwanamume jikoni na kumtoa mwanamke ni mambo ya Wazungu. Mila zetu zinakataa, na dini zetu zote mbili zinakataa. Mwanamume ndiye kichwa na ndiye mleta riziki. Mkishamaliza kuvunja hayo mtabaki na nini?

Mzee wa Singida mjini

Shikamoo baba. Nashukuru umeandika, na nitakujibu kwa heshima yote, ila sitakubaliana nawe.

Uko sahihi kwamba wapo wanaokuja kwetu wakiongea kana kwamba kila kilicho chetu ni giza. Nimekaa kwenye mikutano yao na nimeondoka nimeudhika. Sisemi kwa niaba yao.

Tuanze na mila. Kwetu Ugogo ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Wanazibana mapajani, wanazipiga kwa mikono, na wanaume wanacheza kwa kufuata mikono hiyo. Hiyo si semina iliyotuletea. Jirani zetu Wamasai, nyumba inajengwa na mwanamke, kuanzia fito mpaka kinyesi cha ng'ombe cha kukandikia. Na hapo ulipo wewe, uwanja wa mpira mnaouita Liti unabeba jina la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee wenu wa Singida wanasimulia kwamba aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Babu zako hawakumwambia arudi jikoni.

Na huyu mwanamume "mleta riziki" anayetoka asubuhi na kurudi na fedha, mke akimngoja nyumbani, ndiye hasa aliyekuja na ukoloni, baba. Kabla ya hapo riziki ilitoka shambani na zizini, na mikono yote ilikuwamo. Wajerumani walileta kodi ya kibanda, ikabidi wanaume waende kutafuta sarafu. Wakawa manamba kwenye mashamba ya mkonge, wakati wa Waingereza wakaja mpaka hapa Kongwa kwenye mpango wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951. Mwanamume akawa mtu wa mshahara, mwanamke akabaki na shamba, maji, watoto na wazee, na kazi yake ikakoma kuhesabiwa kwa sababu haikuwa na sarafu. Kwa hiyo ukinitaka nirudi kwenye mila, nitarudi nawe kwa furaha, lakini turudi mpaka nyuma ya hapo.

Dini. Wewe ukiwa Mwislamu unajua Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kuswali. Unajua pia kwamba Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na kijana Muhammad alisafiri na mali yake. Ukiwa Mkristo, fungua Mithali 31: yule mke mwema anaangalia shamba, analinunua, na kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu. Nikipita Mpunguzi au Hombolo msimu wa zabibu huwa namkumbuka. Na Yohana 21 inasema baada ya kufufuka, wanafunzi walipotoka ziwani walimkuta Bwana ameandaa moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Akawaambia njooni mfungue kinywa. Kama mikono ile haikudhalilika kwa kupika, ya kwetu haitadhalilika.

Umeuliza tutabaki na nini tukivunja. Baadhi ya mambo nataka yavunjike yasibaki hata kipande. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, mvulana mpaka 18. Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba hiyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo 2019. Nimefundisha wasichana waliotoka darasani kwangu kwenda kuolewa. Najua sura zao na madawati waliyoyaacha. Baba, hapo siwezi kukuheshimu kwa kunyamaza.

Kuwa kichwa, endelea. Sijaona popote palipoandikwa kwamba kichwa hakioshi vyombo.

Shikamoo Shangazi,

Nimemaliza kidato cha nne. Nataka kusomea uchomeleaji VETA. Baba anasema atalipa nikichagua ushonaji tu, kwani mwanamke wa kuchomelea vyuma haolewi.

Binti, Chamwino

Marahaba binti yangu. Baba yako yuko tayari kulipia ufundi wa mtoto wa kike. Mshukuru kwa hilo kwanza, na umshukuru kweli.

Kisha mwombe mtembee wote mjini siku moja. Mwonyeshe mafundi cherehani wa kiume walivyo wengi, na umwulize kama kuna aliyekosa mke kwa sababu ya kushona. Mpitishe kwenye karakana za kuchomelea. Mji huu unajengwa kila kona, na kila nyumba inataka geti na grili. Zungumza na fundi mmoja mwenye sifa njema akuruhusu ushinde pale wiki moja ukiangalia na kusaidia, na siku ya kwanza nenda na baba yako ili fundi ajue umetoka kwenye nyumba ya watu. Wazazi wengi wanaosema habari za kuolewa moyoni wanaogopa usalama wa binti kati ya wanaume, na hofu hiyo ina haki yake. Akishamjua fundi kwa uso, nusu yake itaondoka.

Ukiwa pale vaa pamba nzito, usivae nailoni, kwani cheche huishika na inayeyukia mwilini. Buti ngumu, nywele zifungwe ndani ya kitambaa. Mwanga usiutazame bila kioo hata mara moja, hata kama vijana wa pale wanautazama na kukucheka.

Mbele ya safari kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haikopeshwi kwa mtu mmoja mmoja tu anayejitokeza, kwa hiyo tafuta wasichana wengine wenye nia kama yako. Hata mmoja wa kuanza naye atakusaidia sana, maana kuwa msichana peke yako kwenye karakana ya wanaume kunachosha. Ulizia kwa wenzako mliomaliza nao, ulizia kanisani au msikitini, na umtafute kabla ya kujaza fomu.